Pweza wa Tanga, Meza za Uhispania: Hoteli na Vyakula vya Mwambao wa Kaskazini

Miongoni mwa nchi zilizoifanya hoteli kuwa njia ya kumjulisha mgeni mikoa yake, Uhispania ni ya kupigiwa mfano, na historia ya mpango wake inafaa kuangaliwa na kila anayejiuliza kwa nini msafiri anayefika Tanga, Pangani au Lushoto anaweza kukaa siku kadhaa, akalala vizuri, akala akashiba, kisha akaondoka bila kuonja chakula chochote ambacho asingekipata Arusha au Dodoma.

Mwaka 1911 serikali ya Mfalme Alfonso XIII iliunda ofisi ya kifalme ya utalii na kuikabidhi kwa Marquis de la Vega-Inclán, mtu aliyeamini kwamba uzuri wa nchi yake ulikuwa umefichika mikoani, mahali ambapo msafiri hakuwa na pa kulaza ubavu. Mwaka 1928 nyumba ya kwanza ya mpango huo ilifunguliwa katika milima ya Gredos, magharibi mwa Madrid, nayo ikaitwa parador, yaani kituo ambapo msafiri husimama kupumzika. Wazo lilikuwa kwamba dola ijenge pale ambapo mfanyabiashara binafsi asingethubutu kuweka fedha zake, na kwamba, panapowezekana, itumie ngome, makasri na nyumba za watawa zilizokuwa zikibomoka badala ya kuweka msingi mpya. Leo nyumba hizo ni zaidi ya 90 na bado ni mali ya serikali, na mojawapo, iliyoko Santiago de Compostela katika jimbo la Galicia, ilianza kama hospitali ya mahujaji iliyoamriwa na Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella mwaka 1499, ikageuzwa hoteli mwaka 1954. Mpango huo haukuwa msafi kwa kila hali, kwa maana utawala wa kidikteta wa Jenerali Franco uliutumia kujipamba mbele ya watalii wa Ulaya, na baadhi ya nyumba zake zimekuwa zikiendeshwa kwa hasara. Hata hivyo jambo moja lilishikiliwa, nalo ndilo lenye manufaa kwa mjadala huu, kwamba jiko la parador lipike chakula cha mkoa wake.

Kwa utaratibu huo, anayelala Andalusia, kusini kwenye joto, huandaliwa gazpacho, ambayo ni supu baridi ya nyanya mbichi, tango, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Anayelala uwanda wa La Mancha huletewa jibini la maziwa ya kondoo. Anayelala Segovia huwekewa nguruwe mchanga wa kuokwa, mlo ambao msomaji Mwislamu wa Pangani atauruka bila majuto. Na anayefika Galicia, kwenye pwani ya Atlantiki yenye mvua na ukungu, hawezi kuondoka bila kula pweza. Orodha ya vyakula ikawa ramani ya nchi, na msafiri aliyepita nyumba tano za namna hiyo alikuwa amejua, kwa ulimi wake, kwamba Uhispania ina mapishi mengi yasiyofanana.

Mwambao wa kaskazini wa Tanzania, yaani ukanda unaoanzia Horohoro mpakani mwa Kenya, ukapita Moa, Tanga, Kigombe na Pangani hadi Saadani, haukuwahi kuwa na mpango kama huo. Nyumba zake za wageni zilijengwa na kila aliyekuja na shughuli yake, nazo zikainuka na kuanguka pamoja na shughuli hiyo. Katika karne ya 19, Pangani ilipokuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa, mgeni mwenye heshima alilala kwa mfanyabiashara mwenzake na kukaribishwa barazani, kwa ukarimu uliokuwa na mipaka yake, kama inavyokumbusha ile methali ya mgeni siku mbili na jembe la siku ya tatu. Baada ya Wajerumani kuzima vita vya Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, uzito wa mambo ulihamia Tanga, kwenye bandari yenye kina na utulivu, ambako ujenzi wa reli ya Usambara ulianza mwaka 1893. Reli hiyo ilifika Mombo mwaka 1905, na kufikia 1912 ilikuwa imeunganisha bahari na Moshi.

Reli ilileta walowezi, maafisa na mawakala wa meli, na watu hao walihitaji vitanda. Kati ya nyumba zilizowapokea ilikuwamo hoteli iliyoitwa Deutscher Kaiser, yaani Kaizari wa Ujerumani, ambayo jina lake limebaki katika vitabu vya vita kuliko vya utalii, kwa sababu tarehe 4 Novemba 1914, majeshi ya Uingereza na India yalipoingia mjini, waliofanikiwa kupenya waliteka jengo la forodha na hoteli hiyo, wakapandisha bendera yao. Siku iliyofuata walikuwa wakirudi melini, wameshindwa na kikosi kidogo cha kamanda wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, huku nyuki waliochokozwa na risasi wakisaidia kwa namna ambayo wazee wa Tanga hawajachoka kuisimulia. Kwamba askari waliona hoteli na forodha kuwa alama za kuumiliki mji inaonyesha vizuri hoteli za wakati ule zilikuwa za nani.

Kilichofuata ni mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanganyika, na baadaye Tanzania, kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, kiasi kwamba katikati ya miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Hoteli ya Mkonge, iliyoko Raskazone kwenye bustani inayotazama ghuba na kisiwa cha Toten chenye magofu ya misikiti, inalibeba jina la zao hilo hadi leo. Kamba za nailoni na plastiki zilipoangusha bei ya mkonge, mji ulisinzia, mabweni ya mashambani yakabaki matupu, na Tanga ikazidi kuthibitisha usemi wake wa waja leo waondoka leo, ambao mwenye hoteli angependa ugeuzwe haraka iwezekanavyo.

Hapa ni lazima kutofautisha mambo mawili ambayo mgeni kutoka mbali huyachanganya. Katika matumizi ya kila siku ya mwambao, hoteli ni mahali pa kula, penye mabenchi, birika la chai na sinia la maandazi, ilhali mahali pa kulala ni gesti au nyumba ya wageni. Hoteli kubwa yenye vyumba na jiko chini ya paa moja ni jambo lililokuja baadaye, kwa ajili ya watu wa nje. Mgawanyo huo una matokeo. Gesti haina haja ya kupika, kwa kuwa mlalaji atatoka kwenda kula mtaani, na hoteli ya watalii, kwa kuogopa kumkera mgeni, hupika kile inachodhani anakijua: chipsi, kuku wa kukaanga, tambi na wali wenye mchuzi usio na kwao. Matokeo yake ni kwamba chakula chenye kuutambulisha mkoa kimebaki mitaani na majumbani, na anayekitaka hana budi kutoka chumbani.

Kwa mji wa Tanga, kutoka huko maana yake hasa ni kwenda Ngamiani, eneo lililopangwa kwa barabara zenye namba badala ya majina, ambako jioni majiko ya mkaa huwashwa kando ya njia. Chakula cha kwanza cha kutafutwa ni bada, yaani ugali wa unga wa muhogo uliomenywa, ukakaushwa juani na kutwangwa. Ni mweupe wenye kuvuta, laini kuliko ugali wa mahindi, na huliwa kwa samaki wa mchuzi wa nazi au kisamvu, ambacho ni majani ya muhogo huohuo yaliyotwangwa na kupikwa kwa tui. Mtu wa bara humeza tonge la kwanza kwa mashaka, akatafuta punje ya kutafuna asiipate, na wapo wasiolizoea kamwe. Lakini kwa Wadigo na Wasegeju wa Mkinga, na kwa wakazi wengi wa Tanga mjini, siku isiyo na bada ni siku ya njaa hata kama kuna wali. Baada ya bada zifuatie mbaazi za nazi kwa mahamri asubuhi, samaki wa kupaka, yaani samaki wa kuchoma anayepakwa tui zito lenye viungo huku akiwa motoni, vitumbua, mkate wa kumimina, na kahawa chungu inayouzwa kwa kikombe kidogo pamoja na kashata.

Mtu asidhani kwamba vyakula hivyo havina uhusiano na Uhispania. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, na waliouleta Afrika ni Wareno, jirani na washindani wa Wahispania katika bahari. Pilipili nayo ilivuka kutoka Amerika baada ya safari za Wahispania za mwaka 1492 na kuendelea, na ileile inayowasha mchuzi wa Tanga ndiyo, ikikaushwa na kusagwa, inayofanya vyakula vya Galicia viwe vyekundu. Mchele, zafarani, miwa na ndimu vilisafiri kwa upande mwingine, kwa kuwa ni Waislamu waliotawala sehemu za Uhispania tangu mwaka 711 hadi 1492 walioviingiza kule, kwa mifereji na elimu ya kilimo iliyotoka mashariki. Kwa hiyo paella ya Valencia, yaani wali unaopikwa kwenye kikaango kipana pamoja na zafarani na nyama au viumbe vya baharini, ina undugu wa mbali na pilau ya mwambao, ingawa Mvalencia hutaka wali wake ugande kidogo chini ya kikaango, na mpishi wa Tanga akifanya hivyo ataambiwa ameunguza. Muheza, kilomita chache magharibi mwa Tanga, inajulikana Afrika Mashariki yote kwa machungwa, na miongoni mwa aina zinazopandwa huko ipo iitwayo Valencia, jina la mji huo wa Uhispania lililopewa chungwa lililozalishwa California.

Wareno wenyewe waliuacha mkasa wao kwenye mwambao huu. Januari 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India na mabaharia waliopukutishwa na ugonjwa wa fizi, aliichoma moto meli yake São Rafael kwenye mafungu ya Mtangata, jirani na Tongoni, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Tongoni ya leo, kusini mwa mji wa Tanga, ina magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya karne ya 14 na 15, lakini haina kitanda wala chakula cha mgeni. Na kwa kuwa taji la Ureno lilishikwa na wafalme wa Uhispania kuanzia 1580 hadi 1640, hata Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa chini ya Philip II wa Uhispania, jambo ambalo waongozaji wa watalii wengi hulipita.

Uhusiano ulio hai zaidi, hata hivyo, ni wa pweza. Pweza wa mwambani, anayeishi katika mashimo ya miamba ya matumbawe, huvuliwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Miamba ikiachwa wazi, wanawake hutembea juu yake kwa miguu wakiwa na mti au chuma chembamba, wakitafuta tundu lililozungushiwa vigae vya kome na makombe, kwa sababu pweza hula na kutupa maganda mlangoni kwake. Wanaume huzamia kwenye maji ya kina zaidi kwa miwani na mkuki. Mnyama huyo hukua haraka ajabu na hufa mapema: maisha yake hupita mwaka mmoja kwa miezi michache tu, na jike hutaga mara moja, akayalinda mayai bila kula hadi yatakapoanguliwa, kisha akafa.

Kumpika ni kazi ya subira, na hapa watu wa Tanga na wa Galicia wamefikia hatua zinazofanana bila kuonana. Nyama ya pweza ni ngumu kama mpira isipolainishwa, hivyo mvuvi wa Tanga humpiga juu ya jiwe mara nyingi hadi povu litoke na mikono ilegee, na Mgalicia wa zamani alimpiga vivyo hivyo, mpaka majokofu yalipokuja na kufanya kazi hiyo kwa kugandisha. Mpishi wa Galicia humtumbukiza pweza katika sufuria ya shaba yenye maji yanayotokota, akamtoa, akarudia mara tatu ili ngozi ishike, ndipo amwache aive. Kisha humkata kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, akammwagia mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na pilipili nyekundu ya unga. Mpishi wa Tanga humchemsha kwa maji yanayomtoka mwenyewe, bila chumvi kwanza, hadi awe mwekundu wa zambarau, na kutoka hapo njia ni mbili. Nyumbani huingia kwenye tui, kitunguu, nyanya na bizari na kuliwa kwa wali. Barabarani hukatwa vipande vyembamba juu ya ubao, kila mteja akachomoa kwa kijiti cha meno, akachovya kwenye chachandu, ambayo ni kachumbari iliyosagwa ya nyanya, pilipili na ndimu, na kumalizia kwa kikombe cha supu iliyobaki chunguni, ambayo wanaume huinywa kwa sababu wanazozijua wao na ambazo muuzaji hachoki kuzitangaza.

Sehemu kubwa ya pweza huyo haifiki kwenye ubao huo. Tangu viwanda vya kusindika samaki vilipoanza kununua, mawakala husubiri ufukweni na majokofu ya barafu, wakapima na kulipa palepale, na mzigo ukagandishwa na kusafirishwa kwenda Ulaya ya kusini, zikiwamo Italia, Ureno na Uhispania, ambako mahitaji yamezidi kile bahari zao zinachotoa, kiasi kwamba hata Galicia yenyewe hutegemea sana pweza wa kuagizwa, wengi wao kutoka Morocco na Mauritania. Fedha hizo zimesaidia kaya nyingi, hasa za wanawake wasiokuwa na chombo cha kuvulia, lakini pia zilifanya miamba isipumzike, na pweza wakaanza kuvuliwa wakiwa wadogo. Dawa iliyopatikana ni ya kufunga mwamba kwa muda, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, ili pweza wakue. Jaribio lililojulikana zaidi lilifanyika mwaka 2004 katika kijiji cha Andavadoaka nchini Madagascar, na tangu hapo utaratibu huo umefuatwa na baadhi ya vijiji vya Tanzania, vikiwamo vya Mafia, Pemba na Mkinga. Ajabu iliyopo ni kwamba mgeni kutoka Madrid anaweza kupita hoteli kadhaa za mwambao huu bila kukuta pweza kwenye orodha ya vyakula, akarudi kwao akauziwa yuleyule.

Milimani mambo ni kinyume. Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal na Wajerumani walioifanya mahali pa kukimbilia joto la pwani, ndiyo sehemu ya mkoa wa Tanga ambapo hoteli na ardhi vimeshikana: nyumba za wageni za huko hutegemea jibini, jamu na mkate wa rai kutoka Irente, mboga na matunda ya mabondeni, na mvinyo wa watawa wa Kibenedikto wa Sakharani, karibu na Soni. Tatizo ni kwamba kilichoshikana pale ni Ulaya iliyopandwa milimani, na makande ya Wasambaa, mahindi na maharage yaliyochemshwa polepole hadi yakavimba, bado hupikiwa wafanyakazi nyuma ya jiko. Labda ndiyo maana mgeni hufurahi Lushoto bila kujua amefika wapi.

Dalili za mabadiliko zinaonekana zaidi kusini mwa mto Pangani. Ushongo, ng'ambo ya mto baada ya kuvuka kwa pantoni hadi Bweni, kumejengwa nyumba ndogo za ufukweni, zenye vyumba vichache vya makuti, ambazo kwa udogo wake hazina njia nyingine ila kununua samaki kutoka kwa wavuvi wanaotua mbele yake. Kolekole au changu aliyevuliwa asubuhi huliwa usiku, na orodha ya vyakula hubadilika kwa jinsi bahari ilivyotoa. Mbele yake kipo kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 kwa ajili ya kasa waliotaga humo, ambacho baadaye kilipoteza miti yake na kubaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yanapojaa. Upande wa kusini zaidi ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako wanyama wa porini hufika hadi ufukweni.

Barabara mpya ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga, pamoja na daraja la Pangani lililosanifiwa kuwa na urefu wa mita 525, inaondoa sababu ya zamani ya watu kuukwepa mwambao huu, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani limewaleta Tanga wahandisi na wakandarasi wanaohitaji vyumba kwa miezi na miaka. Kama ilivyokuwa kwa reli na mkonge, vyumba vitajengwa. Kilicho wazi bado ni nani atakayeajiriwa jikoni, na kama mama anayejua kupika bada ataitwa apike au aoshe vyombo.

Kwa msafiri asiyetaka kungoja jibu, kalenda ya bahari inatosha kumwongoza. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye majira ya saa nne asubuhi, wavuvi wa pweza hurudi kabla ya adhuhuri, na jioni yake mbao za Ngamiani huwa zimejaa. Siku za maji mafu, yaani maji yasipopwa vya kutosha, pweza huadimika na bei hupanda. Kabla ya kwenda vijijini aulize kama mwamba umefungwa, kwa sababu siku ya kufunguliwa kijiji kizima huingia majini, na ndiyo siku nzuri kuliko zote za kuwapo pale ukiwa na njaa.